Safisha Kwanza, Ndipo Ukatae

Mtu anajaza fomu, anaandika namba ya simu na kuacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu ili isomeke. Fomu inamjibu: "Ingizo si sahihi." Kosa hapo si lake. Nafasi hizo seva ingeziondoa kwa mstari mmoja wa kodi ya programu, lakini aliyeunda fomu kaona bora mgeni wa tovuti aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Kwa maoni yangu, uhakiki wowote unaoanza kwa kukataa umepinda. Kwenye simu, ondoa nafasi, vistari, nukta na mabano, bakiza alama ya kujumlisha iliyo mwanzoni, kisha hesabu tarakimu. Kanuni ya kimataifa ya E.164 inataka zisizidi 15 pamoja na msimbo wa nchi. Tena kisanduku kwenye HTML kiwe cha aina ya `tel`, si `number`. `number` ni ya idadi, na thamani ikishageuzwa kuwa namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea. `tel` inamletea mtu wa simu vitufe vya kupigia, ila yenyewe haikagui chochote.

Kwa wanaotumia Contact Form 7, programu-jalizi ya fomu ndani ya WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti), kisanduku kinaandikwa `[tel* simu]`, na nyota maana yake ni lazima kijazwe. Wengi hukwama hatua inayofuata. Kichujio (mahali WordPress inapoita fankisheni yako, yaani kipande cha kodi ulichokiandika) cha `wpcf7_validate_tel` hakikigusi kisanduku chenye nyota, na `wpcf7_validate_tel*` hakikigusi kisicho nayo. Sajili vyote viwili:

`add_filter('wpcf7_validate_tel', 'kagua_simu', 20, 2);`
`add_filter('wpcf7_validate_tel*', 'kagua_simu', 20, 2);`

Ile 20 ni zamu: inakuweka nyuma ya vichujio vilivyo kwenye 10, ambayo ndiyo zamu ya kawaida. Ile 2 ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, fankisheni yako `kagua_simu` inapewa matokeo (`$result`) peke yake bila tagi (`$tag`, maelezo ya kisanduku), na kuanzia toleo la 7.1 la PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, ukurasa unaanguka kwa kosa zito. Ukikuta kasoro, andika `$result->invalidate($tag, 'Namba ina tarakimu chache mno.')`, halafu urudishe `$result` hata kama hakuna kasoro. Jambo jingine: kusafisha namba ndani ya kichujio hiki hakubadilishi kile kitakachotumwa kwa barua pepe. Kama unataka itumwe ikiwa safi, isafishe kwenye kichujio kingine, `wpcf7_posted_data`.

Majina nayo yanaonewa sana. Sharti la `pattern="[A-Za-z]+"`, yaani herufi za A hadi Z tu, linakataa jina lenye nafasi, kistari, herufi yenye alama juu, na kila jina lenye ng'. Jina halihitaji mchujo wa herufi, weka ukomo wa urefu tu. Na kama fomu umeiandika mwenyewe kwa PHP, kumbuka WordPress huongeza mkwaju nyuma (`\`) mbele ya kila ritifaa (`'`) katika `$_POST`, yaani data iliyotumwa na fomu. Pitisha `wp_unslash` kwanza kuiondoa, kisha `sanitize_text_field` kusafisha maandishi, la sivyo mikwaju hiyo itaingia hadi kwenye hifadhidata.

`required` (lazima kijazwe) na `pattern` za kivinjari ni adabu tu kwa anayejaza. Asiye na nia njema hatumi kupitia ukurasa wako, anaipelekea seva data moja kwa moja. Kwa hiyo kila sharti lirudiwe kwenye seva. Hata kwa mtu mwema `required` haitoshi, maana akibonyeza nafasi mara moja tu kivinjari kinaridhika kwamba jina limejazwa.

Kuna na hitilafu inayowachosha mafundi: fomu inafanya kazi kwako, inagoma kwa wageni, tena baadhi yao tu. Angalia kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) kabla hujagusa kodi. Nonsi ya WordPress, yaani alama ya usalama ya muda inayofichwa ndani ya fomu, kwa kawaida haidumu zaidi ya saa 24, na ukurasa uliohifadhiwa kwa siku tatu unaendelea kumgawia kila mgeni nonsi iliyokwisha muda. Utoe ukurasa wa fomu kwenye kache, au upunguze muda wa kache uwe chini ya saa 12.