AFCON 2027: Wanafunzi wa Tanga Wavuke Horohoro

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja kwetu, kwa pamoja na Kenya na Uganda. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitangaza uamuzi huo Cairo, Septemba 2023, na tangu hapo gumzo letu limekuwa viwanja, hoteli na nani atapata tenda gani. Wanafunzi hawatajwi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga na langu nalisema waziwazi: mashindano yakianza, vijana wa shule zetu, hasa hizi za kata, wavuke mpaka wa Horohoro kuingia Kenya wakiwa na sare, madaftari na walimu wao, wakaangalie mechi kwenye nchi ya watu. Dar es Salaam waende pia, lakini nje ya nchi wafike.

Hapa mjini ikisemwa mwanafunzi "anakwenda nje", kila mtu anafikiria ndege. Uturuki, India, China, Marekani, Ujerumani. Jamaa wanakusanyika, dua inasomwa, mtoto anapigwa picha na begi jipya, na Ngamiani yote inajua kwamba mtoto wa fulani kapata. Furaha hiyo ni ya haki na nimeishiriki mara nyingi. Mji wetu una udugu na Eckernförde ya Ujerumani tangu 1963, na upo udugu mwingine na Toledo, kule Ohio. Lakini safari hizo ni za mmoja mmoja. Darasa zima linabaki hapa likimfuatilia aliyeondoka kwenye simu.

Na sasa hata huyo mmoja njia imembana. Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha viza za matembezi na za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026. Senegal na Ivory Coast nazo zimo, na hao ni mataifa yaliyofuzu Kombe la Dunia la 2026 linalochezwa Marekani, Kanada na Mexico. Wachezaji na viongozi wa timu wameruhusiwa. Shabiki wa kawaida hakuwekewa nafasi hiyo. Habari hiyo iliniuma pande zote mbili, kama mpenzi wa mpira na kama mwalimu. Kijana wa Dakar aliyejinyima akiba apate kuiona timu yake, na kijana wa Makorora hapa Tanga aliyehangaika na fomu za chuo usiku kwa mwanga wa simu, wote wamekutana kwenye karatasi moja.

Sasa tazama upande wa pili. Horohoro iko kilomita 65 kutoka hapa, lami tupu. Viza ya Kenya hatudaiwi. Na Mombasa iko karibu na Tanga kuliko Dar es Salaam, jambo ambalo vijana wangu wa kidato cha pili hawalikubali mpaka nitandike ramani mezani wapime wenyewe kwa uzi. Wakishapima wananyamaza kidogo, kisha anatokea mmoja: "Sasa mwalimu, mbona hatujawahi kwenda?" Wengine wao wamewahi, kwa harusi au msiba wa ndugu. Kama wanafunzi, hapana.

Wenzetu wa upande ule wameshaanza zamani. Fika Mapango ya Amboni msimu wa ziara na huenda ukakuta basi la njano la shule, namba za Kenya, limeegeshwa kivulini. Siku moja nilisimama pale nikawaangalia. Mwalimu wao anahesabu vichwa, wanafunzi wameshika karatasi za maswali, kila mmoja anataka kumkaribia muongozaji asikie vizuri. Binti mmoja alinijia, akaniamkia, akauliza mashamba ya mkonge waliyoyapita njiani ni ya nani na kama watu bado wanakata kwa mkono. Nilimjibu na akaandika. Hapo hapo nikawaza wanafunzi wangu ambao wanaweza kufika Amboni kwa baiskeli na hawajawahi kuletwa na shule, na nikawaza lini mmoja wao atasimama Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, na daftari akimuuliza mwenyeji swali lake.

Mpaka wenyewe ni darasa. Abiria wote wanashuka, mizigo inashushwa, mnaingia jengo moja ambamo maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi pamoja: dirisha hili unagongewa kutoka, lile unagongewa kuingia. Nje wapo wabadilisha fedha na mafungu ya noti waliyoyafunga kwa mpira. Mtoto anatoa noti zake za elfu kumi, anarudishiwa vikaratasi vichache, anashtuka, na ile hesabu ya kubadilisha fedha aliyoichukia darasani anaifanya mwenyewe papo hapo ili asipunjwe. Hatua chache mbele, Lungalunga, upande wa Kenya, anamsikia bibi akiongea Kidigo kile kile cha Duga Maforoni, upande wetu. Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na swali la kugawanywa kwa Afrika linakuja kila mwaka kwenye Historia. Naamini kabisa kwamba mwanafunzi aliyemsikia bibi yule hatahitaji kulikariri jibu.

Mtu ataniuliza: kwa nini basi iwe mpira? Si mngekwenda tu kutembea?

Kwa sababu mpira unawafanya watake kujua. Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa kwetu, Kenya na Uganda, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha kuonyeshea mpira, Mikanjuni, vijana wa shule wamejaa mpaka mlangoni. Sudan ilikuwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, ikaifunga Nigeria 4-0. Kelele zilipotulia kijana mmoja akauliza, bila kumlenga mtu, Sudan si ina vita, sasa hawa wanafanyia mazoezi wapi? Mabishano yaliyofuata yaligusa Khartoum, wakimbizi, Mto Nile, na kwa nini Nigeria yenye watu wengi vile ilifungwa. Mimi sikusema neno. Kwa miaka yote ninayofundisha Jiografia, sijapata kipindi cha darasani kilichochemka vile. Ukimtoa kijana yule kwenye kibanda ukamkalisha jukwaani, pembeni yake Msudani au Mtunisia aliyesafiri kuja kuishangilia nchi yake, swali lake litamkuta mtu wa kulijibu.

Na yapo mambo ambayo runinga haiwezi kumfundisha. Kukaa jukwaa la wenyeji wakati wewe si mwenyeji ni malezi. Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, kupitia Msuva na Samatta, tukafungwa 3-2. Hapa Tanga usiku ule matusi kwa Wakenya yalitiririka kwenye simu za watoto, na mengi yaliandikwa na vijana ambao hawajawahi kuongea na Mkenya hata mmoja. Mtoto akishalala bweni moja na mwenzake wa Kwale, huko Kenya, wakagawana chapati na maharage asubuhi, halafu jioni timu zao zikakutana, atashangilia kwa nguvu zote na maneno yale hayatamtoka. Kwangu hili ni kubwa kuliko matokeo ya mechi.

Tuitazame na timu yenyewe. Taifa Stars ilikwenda AFCON mara ya kwanza 1980, Lagos, ikarudi na pointi moja. Ikakaa miaka 39 bila kurudi. Kule Misri 2019 ilipoteza mechi zote tatu. Kule Ivory Coast, kwenye fainali za 2023 zilizochezwa mapema 2024, ilipata sare mbili. Kule Morocco, Desemba 2025, ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka sare na Uganda, ikatoka sare na Tunisia kwa bao la Feisal Salum, na kwa mara ya kwanza ikaingia 16 bora, ambako wenyeji walitutoa kwa bao moja tu. Ni timu iliyokomaa kwa kukutana na wengine nyumbani kwao, tena kwa kuchapwa.

Mbwana Samatta, ambaye kila mtoto hapa anajua alicheza Aston Villa, kutoka kwake kwa kwanza nje hakukuwa Ulaya. Mwaka 2011 alikwenda Lubumbashi, kwa jirani zetu Kongo, TP Mazembe. Huko ndiko alikotwaa ubingwa wa Afrika 2015, kisha Genk ikamchukua Januari 2016, na Uingereza ikafuata 2020. Mzazi anayeniambia kwamba Kenya "si nje" namkumbusha Lubumbashi.

Halafu wapo mabinti ambao tumewasahau haraka mno. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Hakuna timu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA kabla yao. Japan iliwafunga 4-0 mechi ya kwanza. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Hawa walikuwa watoto wenye umri wa kukaa kwenye madawati yetu. Kila ninapomsikia mtu mzima akisema watoto wa shule hawawezi kuhimili safari za nje, mabinti hawa wananijia kichwani.

Pingamizi zipo na sizidharau. Kwenye kikao cha wazazi mama mmoja alisimama akaniambia, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini mwanangu akipotea huko Nairobi nitamwambia nini baba yake?" Swali la haki kabisa. Nilimjibu kwamba safari ya wanafunzi haiendi kama safari ya mashabiki. Mwalimu mmoja anasimamia wanafunzi wachache anaowajua kwa majina, kuna mwalimu wa kike kwa ajili ya mabinti, kuna kibali cha ofisi ya elimu na barua ya mzazi yenye saini, na usiku hakuna kuzurura. Uwanjani mnaingia mapema mnatoka mwisho. Hakuniambia ndiyo, ila aliuliza gharama, na mzazi akishauliza gharama ujue moyo umeanza kusogea.

Gharama ndiyo mlima. Pasipoti peke yake ni shilingi 150,000, na wapo wazazi kwangu ambao mchango wa chakula cha mchana wanautoa kwa awamu. Ndiyo maana nasema tuanze sasa, tusingoje 2027. Akiba ya kila wiki, hata ndogo, ikitunzwa na kamati ya wazazi yenye mhasibu wao wenyewe. Mechi moja uwanja wa Mkwakwani kati ya wakongwe wa Coastal Union na wa African Sports, kiingilio chote kiwe cha safari ya wanafunzi. Ninavyowajua watu wa mji huu, jukwaa litajaa, maana Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu hawakutani bila watu. Shule zetu zitafute shule rafiki Kwale na Mombasa, watoto wao walale kwetu wakija kuangalia mechi Tanzania, wetu walale kwao. Hapo hoteli inatoka kwenye hesabu. Na kutoka Mombasa hadi Nairobi kuna treni tangu 2017, ambayo kwa mtoto wa Tanga aliyezoea kuona reli ya zamani ikiota majani ni safari ya kukumbukwa peke yake.

Kwa wenye mamlaka ombi langu ni moja. TFF, shirikisho letu la soka, na wizara wazungumze na CAF na wenzao wa Kenya na Uganda, zitengwe tiketi za wanafunzi kwenye mechi za makundi, zile za mataifa yasiyo na mashabiki wengi. Viti vitupu mechi za namna hiyo ni aibu ya kila mashindano. Viti hivyo wapewe watoto wa Tanga, wa Kwale, wa Gulu kule Uganda, wakae pamoja.

Shule inayotaka kuanza isianze na fedha, ianze na vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti hakuna hati ya kusafiria ya aina yoyote, na kwenye shule za kata wanafunzi wasio navyo ni wengi kuliko mkuu wa shule anavyodhani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ifuate, maana watu huikumbuka wakiwa wameshafika dirishani. Walio kidato cha pili mwaka huu wa 2026 ndio watakaokuwa kidato cha tatu 2027, mwaka ambao hawana mtihani wa taifa. Wakuu wa shule wafungue rejista za kidato cha pili wiki hii, waweke alama mbele ya kila jina lisilo na cheti, na wawaite wazazi wa hao kwanza.