Ukuta Ulioiva Mbele ya Mama Mkwe

Nimefundisha fizikia katika shule ya sekondari kwa miaka 19, na kila mwaka nimesimama mbele ya darasa nikieleza kwamba kitambaa chekundu kikimulikwa kwa nuru ya bluu tupu huonekana cheusi, na kwamba anayetaka kujua rangi ya kitu hana budi kwanza ajue ni nuru gani inayokimulika. Nayatanguliza maelezo haya ili msomaji asije akanitafutia udhuru, maana sina.

Mwezi wa Aprili 2022 tuliikarabati sebule ya nyumba yetu iliyoko Tabata, jijini Dar es Salaam. Dari la zamani liliondolewa likawekwa jipsamu, sakafu ikatandikwa marumaru, kuta zikapigwa wolputi mpaka zikawa laini kama yai, na rangi ikachaguliwa na mke wangu kutoka kwenye kadi ya dukani: krimu, isiyo na makuu, ambayo kwa maneno yake haitamchosha mtu. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa masika, fundi wa rangi alilifunga turubai lake mbele ya kibaraza, kutoka kwenye kenchi hadi kwenye nguzo, ili mvua isilowanishe mifuko ya saruji iliyobaki. Turubai hilo lilikuwa la bluu, na madirisha yote mawili ya sebule yetu yanatazama kibarazani. Msomaji aliyewahi kukaa katika darasa langu anaruhusiwa kuanza kucheka hapa.

Siku rangi ilipokamilika nilirejea kutoka kazini kama saa kumi alasiri, jua likiwa limetoka baada ya manyunyu, nikafungua mlango, nikasimama. Ukuta ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Haukuwa krimu, ulikuwa na ubaridi fulani wa bluu uliomfanya hata fundi, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akila mhogo, aonekane kama mtu aliyelazwa wodini.

"Hii si krimu," nikasema.

"Baba, mimi nimo humu tangu asubuhi," mke wangu akajibu, "na hii ni krimu ile ile ya kwenye kadi."

Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba jicho likikaa muda mrefu katika nuru moja huizoea na kuanza kuisahihisha, hivyo yeye hakufaa tena kuwa hakimu, ilhali mimi niliyetoka nje kwenye mwanga wa jua nilikuwa na jicho lililo safi. Maelezo hayo ni ya kweli tupu kisayansi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba nilikuwa nimeshika ushahidi wa kutosha kuniambia kuwa nuru ya mle ndani ina walakini, nami nikautumia kuuhukumu ukuta. Dari jeupe la jipsamu nalo lilikuwa na ubluu. Hilo nililipatia sababu papo hapo, nikasema linaakisi rangi ya kuta.

Sikutaka kuonekana mbishi, kwa hiyo niliupiga ukuta picha kwa simu nikamtumia kaka yangu aliyeko Mwanza. Akajibu kuwa ni krimu nzuri sana. Nikakumbuka kuwa simu za siku hizi husawazisha rangi zenyewe, nikamwambia mke wangu kuwa simu inatudanganya. Jirani yetu alipopita kutupongeza, alisimama mlangoni, akatazama kuta nne moja baada ya nyingine, akasema, "Hongereni sana. Mungu awajalie mmalize salama." Tulikuwa tumekwisha maliza. Kauli hiyo ndiyo iliyonikata maini, kwa sababu mgeni muungwana hasemi kuwa nyumba ya mtu ni mbaya, huiombea dua.

Nikamwagiza fundi aongeze njano na wekundu kidogo. "Sawa, mzee," akasema, akachanganya, akapiga mikono miwili. Nilipotazama, ubaridi ulikuwa umepungua lakini haujatoka. Nikamwambia aongeze tena, na safari hii asione huruma. "Sawa, mzee." Sebule yetu ina kuta za takriban mita 45 za mraba ukiondoa milango na madirisha, na lita moja ya rangi ya maji hutosha kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, maana yake lita tisa zilitosha kabisa kwa kazi yote ya mikono miwili; lakini kufikia mzunguko wa tatu, ndoo ya kwanza ya lita 20 ilikuwa imekwisha na ya pili tumekwisha kuichota zaidi ya theluthi. Mke wangu alikwenda uani, ambako ndoo ilikuwa juani, akaifunua, akarudi na kuniambia, "Baba, ndani ya ndoo mna papai." Nikamjibu kuwa rangi mbichi haihukumiwi, kwani ikikauka hubadilika. Hilo pia ni kweli. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukosea kwa kutumia ukweli mwingi kama nilivyofanya mimi wiki ile.

Rangi ya tatu ilipokauka, sebule ilikuwa krimu. Nilizunguka nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Taa za darini zilikuwa bado hazijafungwa, nyaya zikining'inia tu, kwa hiyo usiku tulipita sebuleni kwa tochi kuelekea vyumbani na hakuna aliyeuona ukuta. Nikapata hata moyo wa kwenda kuchagua mapazia: niliazima vipande vya mfano vya kitambaa, nikavilinganisha pale pale ukutani, nikateua cha kijivu kilichotulia. Muuzaji aliandika kwenye risiti "ugoro". Nikadhani kijana hajui rangi.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Tanga siku ya Ijumaa jioni. Asubuhi ya Jumamosi tulimkaribisha sebuleni kwa chai na vitumbua, naye akaketi, akatazama, akasema maneno ambayo nilitamani yaandikwe: "Mwanangu, pametulia. Rangi ya kistaarabu." Nilimtazama mke wangu jinsi mshindi anavyomtazama aliyeshindwa. Mke wangu akanywa chai.

Wakati huo huo fundi akabisha hodi nje. Alikuwa amepata kazi nyingine Kinyerezi, na kwa adabu zote akaomba ruhusa ya kuchukua turubai lake. Nikamjibu kwa sauti, bila kuinuka, achukue tu.

Ilikuwa asubuhi yenye jua kali. Alifungua kamba ya upande wa kushoto kwanza, na ukuta wa mbali ukageuka. Alipofungua ya kulia, kuta zilizobaki zikafuata, na katika muda wa kumeza kitumbua kimoja tukajikuta tumeketi ndani ya papai lililokatwa, huku madirishani mmening'inia mapazia ya rangi ya ugoro halisi, ule wa kunusa. Dari likawa jeupe pe. Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe aliteremsha kikombe taratibu, akaangalia ukuta, akaangalia chai yake kana kwamba ndani yake mmetiwa kitu.

"Bismillahi," akasema. "Mwanangu, ukuta wako umeiva."

Nilitoka nje nikamkuta fundi akilikunja turubai. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao usio na hila hata chembe. "Mzee, nilitaka kusema siku ya kwanza. Lakini nilisikia unamfundisha mama mambo ya macho, nikajua mwalimu ana hesabu zake."

Fedha za kupaka mara ya nne hazikuwapo, kwani mshahara wa Aprili ulikuwa umekwisha kuingia ukutani. Jumatatu nikitoka kazini nilipitia Kariakoo, nikanunua turubai langu mwenyewe, la bluu, nikalifunga pale pale kati ya kenchi na nguzo, na wageni wanapouliza huwaambia kuwa tunajikinga na jua la alasiri. Sebule imerudi kuwa krimu. Jirani yetu hupita kila siku, hulitazama turubai, kisha hutuombea Mungu atujalie tumalize salama.