Jicho la mtoto njiti halisubiri arobaini

Mtoto njiti anapofikisha uzito wa kuruhusiwa, familia nyingi za Dar es Salaam huhesabu kwamba hatari imepita: ametoka kwenye oksijeni, ananyonya, na kilichobaki ni kumtunza ndani mpaka arobaini. Kwa macho, hesabu hiyo si salama, na kwa maoni yangu wodi ya watoto wachanga ndiyo inayopaswa kubeba jukumu la kuhakikisha macho yake yanachunguzwa, si mama.

Mishipa ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kuota wakati mimba ina takribani wiki 16 na hufika ukingoni karibu na wiki ya 40. Anayezaliwa kabla ya hapo huja na sehemu ya utando isiyofikiwa na damu. Oksijeni ikizidi, ukuaji huo husimama; wiki kadhaa baadaye retina yenye upungufu huchochea mishipa mipya, ambayo huota ovyo na kuacha makovu yanayoweza kuibandua retina yenyewe. Ugonjwa huu, unaoweza kupofusha, kwa kawaida huendelea bila jicho kuonyesha dalili kwa nje mpaka umefika mbali.

Mama asisikie haya akaiogopa oksijeni. Katika miaka ya 1950, baada ya kubainika kwamba oksijeni nyingi inapofusha, hospitali za Magharibi ziliibana mno, na watoto wengine walikufa kwa kukosa hewa. Kinachotakiwa ni kipimo cha oksijeni cha kidoleni au mguuni kilichowekwa muda wote na muuguzi mwenye nafasi ya kukitazama, ili oksijeni ya damu ibaki kati ya asilimia 90 na 95. (Wauguzi wenyewe wanajua jinsi nafasi hiyo ilivyo adimu zamu ya usiku.)

Uchunguzi wa kwanza wa macho hufanyika takribani wiki ya nne tangu kuzaliwa, yaani ndani ya arobaini. Mama mkwe anayekataza mtoto kutolewa nje hasemi kwa ujinga, kwa kuwa mtoto wa kilo moja na nusu kweli huhitaji joto na kukingwa na maambukizi. Ukimwambia mama wa Chanika, pembezoni mwa jiji, kwa mdomo tu kwamba ampeleke mtoto macho, huku akiwa na mshono na nauli ya daladala mbili kwenda na kurudi, umemwachia uamuzi ambao nyumba nzima itaupinga. Ugonjwa ukifikia hatua ya kutibiwa, leza au sindano ya jicho hutakiwa ndani ya siku mbili au tatu.

Kwa hiyo daktari wa macho, au fundi mwenye kamera ya retina, aje kliniki ileile ambako mtoto hupimwa uzito. Katika jimbo la Karnataka nchini India, mafundi waliofunzwa hupiga picha hospitali za mbali na mabingwa huzisoma kutoka mjini. Ningefuata pia kigezo cha India cha kuwachunguza waliozaliwa chini ya gramu 2,000 au chini ya wiki 34, kuliko kile cha Marekani cha gramu 1,500 au wiki 30, kwa sababu pale oksijeni isipodhibitiwa vizuri hata watoto wakubwa kidogo hupofuka. Tarehe iandikwe kwenye kadi kabla mtoto hajaruhusiwa, pamoja na za marudio, maana uchunguzi hurudiwa kila baada ya wiki moja hadi tatu mpaka mishipa ikomae, na asiyefika apigiwe simu siku hiyohiyo.