Mbaazi Zibaki Mombasa

Kundi la Mombasa linalokwenda Kilimanjaro kupitia Voi na Taveta hupenda kufunga chakula cha nyumbani: mbaazi kavu, maharagwe, ng'onda (samaki mkavu). Kwa maoni yangu, vyote hivyo vibaki kabatini.

Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye njia ya Marangu, kambi ya Horombo, mita 3,720, huchemka kwenye nyuzi kama 88, na kambi ya Kibo, karibu mita 4,700, hazifiki 86. Mapovu yanaruka, moto unawaka, lakini joto la kuivisha mbaazi halipo. Zitakaa jikoni jioni nzima, gesi iishe, na kiini kibaki kigumu. Usiku watu wavimbiwe. Anayezitaka kwa lazima abebe sufuria ya presha, na uzito wake uingie kwenye hesabu ya wagumu, yaani wapagazi, maana mzigo wa mgumu una kikomo chake, kilo 20. Mimi ningechukua adesi nyekundu zilizomenywa, ambazo huiva upesi hata huko juu. Kilo moja na nusu yatosha watu 10 kwa milo miwili.

Wali wa nazi upikwe usiku wa kwanza, kambi ya Mandara, matumbo yakiwa bado na nguvu. Kuanzia Horombo mafuta yapungue. Hewa ikiwa nyepesi hamu ya kula hupotea, na sahani ya pilau hurudi jikoni kama ilivyotoka. Ng'onda nayo, harufu yake pekee yatosha kumtapisha mwenye kichefuchefu. Kila jioni ianze na bakuli kubwa la supu: viazi, karoti na tangawizi, au mtori, supu ya ndizi ya Wachaga wenyewe. Asiyetaka kutafuna hupata humo maji, chumvi na wanga kwa mara moja. Kwa siku mtu afikishe lita 3 hadi 4, supu na chai zikiwemo.

Jambo moja litawaudhi wengi: sinia la pamoja lisipande mlima. Kila mtu awe na sahani na kijiko chake, na beseni la maji ya moto na sabuni liwekwe mlangoni kabla ya kila mlo. Mmoja akiharisha, kesho yake wako watatu.

Usiku wa kileleni mle kidogo saa kumi na moja jioni, saa tano usiku chai na biskuti, kisha safari karibu saa sita. Kila mtu aweke mfukoni tende 10, kokwa zitolewe nyumbani, kwa kuwa vidole vyenye ganzi haviwezi kazi hiyo. Kashata ziacheni, kwa baridi ile huwa jiwe. Chupa ya maji ifungwe soksi na ipinduliwe, mdomo chini, kwa sababu barafu huanzia juu.

Anayekataa hata supu huku kichwa kikimuuma msimbembeleze ale. Mwiteni kiongozi papo hapo, na mtu huyo asipande zaidi.