Anayekufundisha kutangaza ndiye anayekuuzia tangazo

Ukifungua akaunti ya matangazo leo, hujamaliza kujaza jina la biashara yako na somo la bure limeshakufikia: video fupi, maswali matatu manne, cheti mwishoni. Google wana masomo yao, Meta, wenye Facebook na Instagram, wana ya kwao waliyoyaita Blueprint, na HubSpot wana chuo kizima cha mtandaoni kinachotoa vyeti bila kulipisha. Kwa mtu asiye na idara ya masoko, ambaye jioni hiyohiyo anafunga hesabu, anajibu wateja na kupanga mzigo wa kesho, hii si zawadi ndogo.

Ila wanaotoa masomo haya wana bidhaa ya kuuza. Google na Meta hupata sehemu kubwa ya mapato yao kwenye matangazo. HubSpot huuza programu ya kusimamia wateja na masoko. Ndiyo maana wenye biashara ndogo wakianza kuzungumzia masoko, huibuka kambi mbili. Moja inasema elimu ni elimu, ichukue popote inapopatikana. Nyingine inasema huwezi kumuuliza muuza dawa kama unaumwa. Nimeyapitia masomo hayo, nimewasaidia pia watu kadhaa kupanga matangazo yao ya kwanza, na naona kila kambi imeshika nusu ya jambo. Kwa muuzaji wa matangazo jifunze ufundi. Hesabu ya kama tangazo limekulipa, ifanye mwenyewe.

Nianze na kambi ya kwanza, maana mara nyingi hainyimwi sifa tu, hata kusikilizwa haisikilizwi vizuri. Kabla ya matangazo ya mtandaoni, mwenye biashara ndogo alinunua nafasi gazetini au muda redioni akatumaini. Alilipia wasomaji wote ili awafikie wachache. Leo anaweza kuchagua eneo, lugha na saa, akaanza na bajeti ndogo, akazima tangazo siku hiyohiyo likienda kombo. Uwezo huo hauna maana kama hujui kuutumia, na hakuna anayeujua mtambo kama aliyeutengeneza. Somo la Google litakueleza tofauti kati ya neno analoandika mtu anayetafuta kununua na neno la mtu anayetafuta kujua tu. Somo la Meta litakueleza kwa nini tangazo lililopangwa kutafuta laiki huletewa watu wa kubonyeza laiki. Mambo haya ni ya kweli, na ukiyajua mapema yanakuepusha na hasara.

Zaidi ya masomo kuna vifaa vyenyewe, na baadhi havikudai hata senti. Ukurasa wa biashara kwenye Google, uliokuwa ukiitwa Google My Business hadi ulipobadilishwa jina mwaka 2021, ni bure: saa za kazi, picha, namba ya simu, maoni ya wateja. Biashara nyingi ndogo zinahangaika na matangazo ya kulipia huku ukurasa huo ukiwa na saa za kazi zilizopitwa na wakati na namba isiyopokelewa. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakupa katalogi, majibu ya haraka na lebo za kuwapanga wateja. Google Trends itakuonyesha kama watu wanaandika "kabati la nguo" au "wodrobu" wanapotafuta, na jibu hilo pekee linaweza kubadilisha maneno yote ya tangazo lako. Halafu kuna maktaba ya matangazo ya Meta, ambayo tangu 2019 humruhusu yeyote kuona matangazo yanayoendelea ya ukurasa wowote. Tafuta wanaouza unachouza. Tangazo ambalo mtu amelilipia kwa miezi mfululizo si uthibitisho kwamba linamlipa, lakini ni dalili inayostahili kuangaliwa.

Sasa kambi ya pili. Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sisemi kwamba masomo haya yana uongo. Sijakutana na uongo ndani yake. Kuvutia kunafanyika mahali padogo zaidi, kwenye visanduku ambavyo umekuta vimeshawekwa tiki.

Tuchukue mwenye karakana ya samani anayepeleka mzigo ndani ya mji wake tu. Anapanga tangazo kwenye Google, anachagua mji wake, anafurahi kwamba hatalipia watu wa mbali. Chini ya jina la mji kuna mipangilio ya ziada ambayo wengi hawaifungui. Humo, chaguo lililowekwa tayari, na ambalo Google wenyewe wanalipendekeza, linajumuisha watu walioko mjini pamoja na watu walioonyesha kupendezwa na mji huo. Mtu aliye nchi nyingine anayesoma kuhusu mji huo anaweza kuhesabika. Kwa hoteli, hilo ni chaguo zuri sana, maana mgeni hutafuta chumba akiwa bado kwao. Kwa fundi wa samani ni hela inayovuja. Chaguo la pili, la watu waliopo eneo hilo tu, liko hapohapo mstari mmoja chini. Ni kubonyeza mara moja.

Jambo kama hilo lipo kwenye alama ambayo Google huipa akaunti yako ya matangazo, kuanzia sifuri hadi asilimia 100. Ukiona 62, moyo unakuambia umefeli mtihani. Mapendekezo yanajipanga pembeni: ongeza bajeti, panua maneno, kubali mfumo uchague wenyewe. Alama hiyo hupima jinsi akaunti ilivyopangwa kwa vigezo vya Google. Haijui faida yako baada ya mbao, vibarua na usafiri. Na kuna kitu wengi hawakijui: ukilikataa pendekezo, alama hupanda pia. Kwa hiyo soma kila moja, likufae au likutoke, kisha lifunge. Huna deni la kulikubali.

Lakini pale ngozi inapovutwa kwa nguvu ni kwenye ripoti ya mauzo. Kwa mpangilio wa kawaida wa Meta, mtu akibonyeza tangazo na kununua ndani ya siku 7, mauzo yanaandikwa kwa jina la tangazo. Akiliona tu bila kubonyeza, kisha akanunua ndani ya siku 1, yanaandikwa kwa tangazo vilevile. Hebu fikiria mteja wako wa miaka mitatu, ambaye angekuja kesho hata dunia ingekuwa haina simu. Usiku ameliona tangazo lako akipitisha kidole, asubuhi ameagiza. Ripoti itasema: tangazo limeleta mteja. Hakuna aliyedanganya. Swali lililojibiwa ni kama tangazo na mauzo vilifuatana. Swali ulilopaswa kuuliza ni kama mteja huyu angekuja hata bila tangazo, na hilo ripoti haiwezi kulijibu.

Swali hilo eBay, soko kubwa la mtandaoni la Marekani, walilijaribu kwa vitendo. Mwaka 2012 waliacha kulipia matangazo yanayotokea mtu anapoandika jina lao kwenye baadhi ya injini za kutafuta. Watafiti Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 2015, waligundua kwamba karibu wageni wote waliokuwa wakipitia tangazo waliendelea kuja kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa: asilimia 99.5. Walipozima pia matangazo ya maneno mengine katika baadhi ya maeneo ya Marekani, mauzo kwa wastani hayakutikisika kwa kiasi cha maana. eBay walikuwa wanalipia watu waliokuwa tayari njiani kuja kwao.

Kambi ya pili hupenda kuishia hapo. Utafiti wenyewe haukuishia hapo. Watu wapya, na wale walionunua kwa nadra, waliguswa na tangazo na kununua zaidi. Pesa ilipotelea kwa wanunuzi wa mara kwa mara. Na biashara ndogo si eBay. Biashara ndogo, wengi hawaijui kabisa. Kwa hiyo matokeo yaleyale yanayomwambia mkubwa apunguze yanaweza kumwambia mdogo kwamba tangazo lina kazi ya kumfanyia, mradi liwafikie wasiomjua.

Ushahidi wa upande huo upo. Kuna jaribio lililofanywa kwa ushirikiano na Yelp, mtandao wa Marekani wa maoni ya wateja. Migahawa zaidi ya 18,000 iliingizwa kwenye jaribio, na zaidi ya 7,000 kati yake ikapewa kwa bahati nasibu matangazo ya bure kwa miezi 3. Iliyopewa iliona ongezeko la watu wanaofungua ukurasa, wanaopiga simu, wanaouliza njia. Ikumbukwe kwamba hizo ni dalili za kutaka kununua, si pesa iliyoingia, na kwamba Yelp nao huuza matangazo. Lakini kugawa kwa bahati nasibu ni njia ya haki, na ndani yake kuna funzo kubwa kuliko wastani: migahawa iliyokuwa na alama nzuri na maoni mengi ya wateja ndiyo iliyofaidika zaidi. Tangazo lilimleta mtu hadi kwenye ukurasa. Maneno ya waliotangulia ndiyo yaliyomfanya apige simu. Mwenye biashara ambaye hajawahi kumwomba mteja aliyeridhika aandike mistari miwili ya maoni ana kazi ya kufanya kabla ya kufungua pochi.

Sasa niseme linalonisumbua kwenye ushauri wangu mwenyewe. Ni rahisi kusema "zima tangazo wiki mbili uone". Nimeshalisema, na siku hizi nalisema kwa uangalifu. Randall Lewis na Justin Rao walichambua majaribio 25 makubwa ya matangazo nchini Marekani, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2015 walionyesha kwamba hata kampuni zenye wateja mamilioni hupata shida kupima faida ya tangazo, kwa sababu mauzo hupanda na kushuka kwa sababu nyingi kuliko nguvu ya tangazo lenyewe. Ikiwa wao wanapata shida, mwenye wateja 40 kwa mwezi akizima tangazo na kupata 36 hajajifunza chochote. Pengine ni mvua, pengine ni mwisho wa mwezi, pengine ni bahati tu. Kambi ya kwanza ina haki ya kulisema hili: ukiikataa ripoti ya jukwaa, unayo nini badala yake?

Unacho kitu ambacho eBay hawana. Unaonana na mteja wako, au unazungumza naye kwenye simu. Unaweza kumuuliza.

Kuuliza nako kuna namna yake. "Umetujuaje?" huleta majibu ya juujuu, mtu atasema "mtandaoni" kwa sababu ndilo neno la karibu, hata kama ni dada yake aliyemtumia namba yako. Maswali mawili yanatosha: kama amewahi kununua au kusikia habari zako kabla, na alikuwa anatafuta nini siku alipokupata. Swali la kwanza linamtenganisha mgeni na mwenyeji. La pili linakupa maneno yake mwenyewe, ambayo ndiyo ya kuandika kwenye tangazo lijalo. Ukiweza, tumia namba ya simu ya pekee kwenye tangazo, isiyoonekana popote pengine, ili usitegemee kumbukumbu za mtu.

Kisha piga hesabu. Tuseme ripoti inasema tangazo limekuletea wateja 20 mwezi huu. Unafungua daftari, unakuta 12 kati yao walishanunua kwako kabla. Waliobaki ni 8. Gawanya gharama ya tangazo kwa 8, usigawanye kwa 20: kila mteja mpya amekugharimu mara mbili na nusu ya kile ripoti ilichoonyesha. Pengine bado inalipa. Samani zina faida ya kutosha kubeba gharama hiyo, na mgeni mmoja anaweza kurudi mara tano. Kwa anayeuza kitu cha faida ndogo, huenda haifai kabisa. Hakuna kozi inayoweza kukuamulia hilo, kwa sababu hakuna kozi inayojua faida yako kwa kila bidhaa.

Wapo wanaopendekeza kuwakimbilia washauri wasiouza matangazo. Marekani, kwa mfano, kuna SCORE, shirika ambalo tangu 1964 limekuwa likiwaunganisha wenye biashara ndogo na washauri wa kujitolea. Ni njia nzuri pale ilipo, kwa sababu mtu aliyewahi kuendesha biashara huanza kwa kukuuliza faida yako kabla ya kugusa bajeti. Udhaifu wake ni kwamba vifaa vya matangazo hubadilika kila baada ya miezi michache, na si kila mshauri anakwenda na kasi hiyo. Mshauri wa kulipwa naye ana chake: anauza saa zake, na biashara ambayo haihitaji kufanya chochote mwezi huu haimlipi.

Kwa hiyo nikikaa na mtu anayeanza, hatufungui akaunti ya matangazo siku ya kwanza. Tunarekebisha ukurasa wa bure wa Google hadi saa na namba ziwe sahihi. Tunatafuta wateja watano walioridhika na kuwaomba maoni. Halafu tunachukua daftari na kulipiga mistari: tarehe, alichonunua, mgeni au mwenyeji, alikuwa anatafuta nini. Likishajaa kwa mwezi mmoja, ndipo tunarudi kwenye masomo ya bure ya Google na Meta, tukiwa na orodha ya maneno ya wateja wenyewe, na tunaifungua ile mipangilio ya ziada iliyo chini ya jina la mji.