Anayesema methadoni ni ulevi mwingine hajaona arosto
Hapo mlipoandika teja anayekunywa methadoni, ile dawa ya kliniki ya kumtoa mtu kwenye heroini, kaacha ulevi mmoja kashika mwingine mi nakataa, labda hamjawahi kulala nyumba moja na mtu mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga. Mdogo wangu zamani akikosa kete ya unga masaa machache tu ni jasho, kutapika, kuharisha, mifupa inamuuma, hapo hata sufuria ikiwa jikoni na ugali ndani anaondoka nayo. Tulishamfungia ndani mwezi mzima, eti ataacha, alipotoka akapiga kipimo kile kile cha zamani na mwili ulishasahau, tukamkuta choo cha uani anakoroma midomo imebadilika rangi, Mungu tu. Sasa hivi anakunywa dawa yake kwenye kikombe mbele ya nesi, inamshika mpaka kesho yake bila ile stimu ya unga, anaenda kubeba zege anarudi na hela. Na sio kitu cha jana, Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Shida mi naiona kwenye nauli, maana ni kila siku, Jumapili na sikukuu humo humo, na akikosa ya daladala maskani ya mateja ni hapo nyuma ya nyumba. Nyie wenye ndugu kliniki mnafanyaje kwenye nauli?