Chumba Kimoja Kitupu: Mkopo na Nyumba za Kupangisha Malindi

Pesa ya wageni Malindi huja na kaskazi, ikaondoka mvua za masika zinapoanza. Deni la benki halijui kaskazi wala kusi. Kila mwezi linataka chake. Kwa hiyo anayetaka kujenga nyumba za kupangisha hapa apime kwa pamoja mambo mawili: pesa ataitoa wapi, na anamjengea mpangaji gani.

Tuseme kiwanja unacho, Maweni au Barani. Umekopa shilingi milioni 3 kwa riba ya asilimia 14, ulipe kwa miaka 10. Rejesho ni takriban 46,600 kwa mwezi. Vyumba sita vya 9,000 vinakupa 54,000. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inachukua asilimia 7.5, kiwango kilichoshuka kutoka asilimia 10 Januari 2024, na inakata kwenye kodi nzima unayopokea kwa wapangaji: rangi, fundi wa bomba, mshahara wa mlinzi, hata riba yenyewe, havitolewi kwanza. Unabaki na 49,950. Sasa chumba kimoja kihamwe. Unapokea 45,000, ushuru 3,375, mkononi 41,625. Umepungukiwa na karibu 5,000, na mlinzi bado hajalipwa.

Wanaotetea mkopo wana hoja nzito. Anayejenga kidogokidogo kwa akiba huacha nondo wazi miaka mingi, na hewa yetu ya chumvi huzila kwa kutu. Saruji nayo haimngojei mtu bei. Ukuta usio na paa hauleti kodi hata ya siku moja, ilhali aliyekopa akamaliza upesi ana wapangaji.

Nakubaliana nao, lakini kwa nyumba za walimu, wauguzi na wenye maduka tu. Hawa hulipa kidogo, ila hulipa miezi 12. Nyumba ya wageni kule Casuarina yaweza kuingiza kwa wiki moja ya Desemba kodi ya mwalimu ya miezi kadhaa, na hapo ndipo watu wanapovutwa kukopa. Wakumbuke 2020: ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi, zikarudi Agosti 1. Nyumba ya wageni ijengwe kwa pesa yako mwenyewe, isiyodaiwa na mtu.

Na mkopo upimwe kwa vyumba vinne, si sita. Vinne vikikaliwa, baada ya ushuru unashika 33,300. Hiyo inabeba mkopo wa milioni 2.1, ambao rejesho lake ni kama 32,600. Vyumba viwili vilivyobaki ndivyo vitakavyolipa mlinzi na marekebisho.

Wengi wetu tunaiogopa riba kwa dini, na ni haki yetu. Gulf African Bank, iliyoanza 2008, ni miongoni mwa benki zinazofuata sharia ya Kiislamu. Kwa murabaha, benki hununua unachokihitaji kisha hukuuzia kwa bei mliyokubaliana mwanzoni, na bei hiyo haibadiliki. Wenye mikopo ya riba inayopanda na kushuka waliuona uzito wake Benki Kuu ilipofikisha kiwango chake cha riba asilimia 13 Februari 2024. Hata hivyo usidhani murabaha ni nafuu zaidi. Jumlisha malipo yote ulinganishe.

Uendeshaji haunitii wasiwasi sana: mkataba wa maandishi, mita ya maji kwa kila chumba, na kodi ipitie M-Pesa ili kumbukumbu ibaki.

Kinachonitia wasiwasi ni desturi yetu ya nyumba bila ardhi, ambapo nyumba ni yako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Bei yake huvutia, lakini hati ya kiwanja si yako kuiweka rehani benki. Ukiipenda, inunue taslimu, na kabla ya kulipa kaa na mwenye ardhi mbele ya wakili, muandikiane kodi hiyo ni kiasi gani, itapandishwa lini, na nyumba itakuwa ya nani akiuza kiwanja.